Mama Kikao na Kadi Kumi na Nane

Madereva ndio waliompa jina la Mama Kikao, na hawakumwonea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu muhtasi wa mheshimiwa mmoja, na katika miaka hiyo hakuna maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko haya: "Yuko kwenye kikao." Aliyasema asubuhi, aliyasema mchana, aliyasema huku anamenya chungwa. Sauti yake ilikuwa laini, haina haraka wala chembe ya wasiwasi, na aliyeisikia alishukuru akakata simu ameridhika kabisa. Mheshimiwa alipokuwa kwenye kikao cha kweli, simu zilikuwa chache tu. Zilizopigwa sana ni za Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane mchana, na mpigaji alikuwa mke wake.

Kwa siku hizo mbili, kitabu cha miadi kiliandikwa "Ukaguzi wa mradi". Mama Kikao ndiye aliyeandika, kwa wino wa buluu, wiki baada ya wiki. Mradi huo ulikaguliwa miaka sita na hakuna aliyewahi kuona hata tofali lake moja. Ilikuwa nyumba ndogo, tena yenye mwenyewe ndani, na kabla ya hiyo kulikuwa na miradi mingine ambayo haina haja ya kuhesabiwa hapa.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa kawaida ambaye miguu ilimvimba kila jioni, mwenye kabati la mafaili lisilofunga mpaka ulipige teke, na kandambili chini ya meza kwa ajili ya saa ambazo hakuna mgeni. Siku ya kwanza aliposema uongo wa kikao, chakula cha mchana hakikupita. Mara ya kumi kilipita. Baada ya hapo hakukumbuka tena kama ni uongo, ikawa kazi tu, sawa na kugonga mihuri.

Shida ni kwamba mke wa mheshimiwa hakuwa mtu wa kukata simu haraka. "Basi dada, acha nisubiri kidogo, huenda kikaisha," alikuwa akisema, na katika kusubiri huko wakawa wanaongea. Alimweleza magoti yanavyomsumbua akipanda ngazi. Alimweleza binti yao alivyofaulu mtihani halafu mama mtu akalia kwa kukosa mtu wa kumwambia. Mama Kikao alimsikiliza kwa moyo wote. Aibu aliyokuwa nayo ilihitaji mahali pa kwenda, ikaenda huko.

Hapo ndipo zilipozaliwa kadi. Mwaka wake wa pili kazini, mheshimiwa alisahau siku ya ndoa yake, na mkewe akapiga simu sauti imemkauka. Mama Kikao hakuvumilia. Saa ya chakula alitoka mbio hadi duka la vitabu, akachagua kadi yenye maua, akaandika ndani kwa mwandiko wa bosi wake. Aliujua mwandiko ule kuliko mwenyewe, herufi kubwa zilizolala kama zinakimbilia kitu. Mheshimiwa alipoambiwa alicheka sana. "Mama, umeniokoa. Basi iwe kazi yako," akasema, na ikawa kazi yake. Kila mwaka kadi moja. Na kwa kuwa hakujua mambo ya kimapenzi ya watu wale wawili, aliandika yale aliyoyajua: pole ya magoti, hongera ya binti, kumbukumbu ya marehemu mama mkwe. Yote aliyoyasikia kwenye simu aliyarudisha kwa kadi.

Mheshimiwa mwenyewe hakuwa mkali. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kutoa pole, na mwenyekiti wa kamati ya maadili ya viongozi. Hotuba zake za uadilifu zilisifiwa kila kona. Mama Kikao alizichapa zote, na hotuba moja ya kutetea ndoa aliichapa Ijumaa alasiri, mwandishi wake akiwa mradini.

Ukitaka kujua kazi hiyo ilimgharimu nini, ingia nyumbani kwake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Aliwahi kuitwa ofisini kutengeneza jokofu la mheshimiwa, akapiga magoti nyuma ya jokofu hilo saa nzima akimsikia mkewe anavyojibu simu. Mwezi uliofuata akamuuliza mkewe kama amempelekea mama mkwe wake dawa. Mama Kikao alikuwa amesahau, na kwa uchovu tu akajibu, "Nimeshapeleka, mzee. Kazipokea vizuri." Fundi akamtazama kwa muda mrefu. "Hiyo sauti ni ile unayompa mke wa mheshimiwa," akasema, akavaa viatu, akaenda mwenyewe kwa mama yake.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana. Tangu siku ile, miaka tisa sasa, fundi hakumuuliza mkewe swali lolote la maana. Akitaka kujua jambo alikwenda kuliangalia mwenyewe. Mkewe akisema chakula kimeiva, hakubisha, aliinuka tu taratibu akafunua sufuria. Wageni waliona ni utani wa watu waliozoeana. Mama Kikao kila kifuniko kilipofunuliwa alisikia kitu kinamchoma, na hakuwa na pa kulalamikia.

Basi siku moja, Jumatano, gazeti likatoka na picha. Mheshimiwa amevaa kaptura na ndala, anaingia kwenye geti ambalo si lake, mtungi wa gesi begani. Chini ya picha waliandika tarehe, Jumanne ya wiki iliyopita, pamoja na jina la kamati anayoiongoza. Mpaka saa nne asubuhi simu ya Mama Kikao ilikuwa imepata moto.

Mheshimiwa akamwita ndani. "Kesho saa nne naongea na waandishi," alisema, safari hii bila kucheka. "Nitasema nilikuwa namsaidia mama mjane wa jimboni. Mke wangu atakaa pembeni yangu. Akikaa, mambo yamekwisha. Asipokaa, nimekwisha mimi, na mimi nikimwaga unga na wewe umemwaga."

"Amekubali?"

"Alikubali jana uvumi ulipoanza. Leo amebadilika, anasema anakuja kukuona wewe kwanza. Mwambie tu kwamba nilianza na kikao, mtungi ulikuja baadaye. Akisikia kutoka kwako itamtosha. Anakuamini."

Neno hilo la mwisho lilimchosha Mama Kikao kuliko mengine yote. Alirudi kwenye kiti chake akavua viatu, akavaa tena.

Mke wa mheshimiwa alifika saa tisa alasiri. Alivaa gauni la kijivu, na mikononi alibeba kopo la biskuti lililoanza kushika kutu pembeni. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo, na kupitia uwazi huo Mama Kikao aliona kiatu kimoja cha mheshimiwa kikichezacheza chini ya meza.

"Karibu, mama. Yupo ndani."

"Mwache huko huko. Nimekuja kwako, dada." Akakaa kwenye kiti cha wageni, kopo mapajani.

Mama Kikao akajikaza. Sentensi ilikuwa tayari ulimini, imeshapigwa pasi. "Mama, kuhusu ile Jumanne..."

"Ile Jumanne naijua. Naijua mwaka wa sita huu. Nina macho. Kilichonishangaza ni mtungi tu. Kwangu hata ndoo hajawahi kubeba." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeumwa na jino mpaka akalizoea. Kisha akafungua kopo.

Kadi zilikuwa zimepangwa kwa miaka, kumi na nane, zimefungwa kwa utepe. Akachomoa ya juu, ya mwaka huu, akaisoma kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza. "Mlimau wako wa nyuma ya tangi umezaa. Marehemu mama angekuwepo angefurahi." Akaiweka mezani.

"Nilipokubali kukaa pembeni yake, nilikubali kwa ajili ya hizi," akasema. "Nilijiambia, sawa, ni mkorofi, lakini kila mwaka anakaa chini, anashika kalamu, ananikumbuka mimi na vijimambo vyangu. Nikasema nyuma ya yote hayo pana mtu. Sasa jana jioni nikamwambia, baba, hebu nichumie malimau mawili. Akaniuliza, malimau yako wapi?"

Mama Kikao akakifunga kitabu cha miadi.

"Huo mti sikumwambia yeye. Ningemwambia saa ngapi? Nilikuambia wewe, siku nasubiri kikao kiishe." Aliegemea mbele. "Sikuulizi habari za huyo mwanamke. Nakuuliza moja tu. Kati ya hizi kumi na nane, kuna hata moja aliyoiandika yeye?"

Kile kiatu chini ya meza kikatulia.

Ingekuwa rahisi mno. Angesema "ile ya kwanza", kwa sauti ile ile laini, na mama wa watu angeondoka na kadi moja ya kushikilia. Kesho angekaa pembeni ya mumewe. Unga usingemwagika. Pengine ingekuwa hata huruma, kwa maana kumnyang'anya mtu kadi zote kumi na nane kwa mkupuo si jambo dogo. Mama Kikao aliyapima hayo yote. Halafu akaona amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala wiki nzima unaukuta kitandani unakungoja.

"Hakuna, mama," akasema. "Zote ni mimi."

Mke wa mheshimiwa hakulia. Aliirudisha kadi ya juu mahali pake, akafunga utepe, akafunga kopo. "Unajua, huyu bwana hajawahi kunidanganya," akasema hatimaye. "Hakuwahi kushika simu. Uongo wote wa miaka kumi na tisa niliusikia kwa sauti yako. Na mema yote niliyoandikiwa, nayo ni yako. Yeye sijui alikuwa anafanya nini humu ndani." Akalisukuma kopo juu ya meza mpaka likagusa simu. "Chukua. Ni mali yako."

"Mama, nisamehe."

"Nikipata nguvu," akajibu, akainuka kwa shida kwa sababu ya magoti, akatoka.

Mheshimiwa akatokea mlangoni. Hata kufoka hakuweza. "Neno moja tu nilikuomba," akasema, na kweli alionekana ameumia, kana kwamba yeye ndiye aliyesalitiwa.

Kesho yake alikaa mbele ya kamera peke yake, pembeni yake kiti kitupu ambacho hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Alizungumza uadilifu dakika ishirini. Mwandishi mmoja akauliza mama yuko wapi. Kwa mara ya kwanza ilimbidi aseme uongo wake mwenyewe, na hakuwa na mazoezi. "Mama ana mafua," alisema, kisha akakohoa yeye. Ukumbi mzima ukacheka. Mama Kikao alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, na hakuona cha kuchekesha. Kabla ya saa kumi alishakabidhiwa barua ya uhamisho kwenda masijala, chumba cha chini kisicho na dirisha wala simu. Alitia sahihi, akabeba kandambili zake na kopo la biskuti.

Alimkuta fundi barazani amekaa kwenye kigoda, mota ya jokofu katikati ya miguu yake. Mama Kikao aliweka kopo mezani, akakaa, akaanza kuongea. Aliongea kama hajaongea miaka tisa. Alimweleza kitabu cha miadi, kadi, mlimau, kiti kitupu, barua. Fundi hakumkatiza. Bisibisi ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani, na moyo wake ulikuwa mwepesi hata akaona haya.

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akamuuliza swali, la kwanza tangu ile siku ya dawa.

"Ulimwambia kweli? Kwamba hakuna hata moja?"

Alikuwa amelingoja swali lolote kutoka kwa mtu huyu kwa miaka tisa. Akafungua mdomo kumjibu kwa moyo wake wote. "Nilimwambia, mzee. Nilimwambia kweli."

Na akaisikia ikitoka, laini, haina haraka wala chembe ya wasiwasi. Ndiyo sauti pekee aliyokuwa amebaki nayo.

Fundi akamtazama kwa muda mrefu, bila hasira. Halafu akaweka bisibisi chini, akanyoosha mkono taratibu mpaka mezani, akafunua kifuniko cha kopo.