Nyuzinyuzi Kabla ya Mahari

Kijiko kilisimama wima katikati ya kikombe cha uji, na mama akanitazama kama mtu anayesubiri ashukuriwe. Ndani ya uji ule ilikuwamo karibu nusu ya kopo la dawa yangu.

Dawa yenyewe nilikuwa nimehangaika kuitafuta mjini Kakamega. Daktari alinipima asione kidonda wala minyoo. Alisema utumbo wangu hukasirika upesi, leo unaharisha, kesho unafunga, kwa hiyo nijaribu nyuzinyuzi zinazolainika majini, nianze na kidogo. Jina la dawa hakuandika. Nami nilikuwa na haraka: Jumamosi tulikuwa twende Kabras, kwa wazazi wa mchumba wa mdogo wangu, kujadili mahari, na kwa kuwa baba hayupo tena, msemaji ni mimi. Kwetu msemaji hainuki mazungumzo yakishaanza. Akiinuka, wenyeji husema amekimbia ng'ombe wa mahari. Kuomba kuonyeshwa choo kwa wakwe siku ya kwanza ndiyo aibu kubwa zaidi.

Duka la kwanza la dawa lilikuwa na pumba za ngano tu. Hizo nilishazijaribu, zikanisokota tumbo kutwa. La pili lilikuwa na makopo mawili: moja la maganda ya mbegu yaliyosagwa, ambayo yakipata maji huteleza kama mrenda, na jingine la unga mweupe mtamu wa mizizi.

"Ipi haileti gesi?" nikamuuliza muuzaji.

"Inategemea tumbo, mzee."

"Tumbo ndilo hili."

"Basi utaniambia ukirudi."

Nilisoma maandishi ya makopo yote mawili nikiwa nimesimama pale kaunta, watu wakinipita. Nikachukua la maganda kwa sababu lilitaja kitu kimoja tu. Sikuwa na sababu nyingine.

Kosa langu lilikuwa kuliacha jikoni kwa mama. Kwake kila dawa hupitia kwenye uji wa moto.

"Mama, hii hunywewa kwa maji mengi, haraka, kabla haijaganda."

"Baba, mgonjwa gani hupewa maji baridi asubuhi?"

"Na ni kijiko kidogo tu."

"Niliona mtu mkubwa, nikaweka ya mtu mkubwa."

Mdogo wangu aliinamisha kikombe. Hakikumwagika hata tone. "Tubebe hiki," akasema. "Wakikataa ng'ombe tuwape jiwe."

Mama hakucheka. Alikichukua kikombe akakiosha.

Dawa iliyobaki niliitumia kama kopo lilivyoagiza, kijiko kidogo na bilauri iliyojaa maji. Tumbo halikupata nafuu wala halikuzidi. Nilipompigia daktari simu, alisema huenda ikachukua wiki kadhaa kabla ya kujua kama inanifaa. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Kule Kabras waliniketisha kwenye kiti cha ndani kabisa, ukutani, wazee wao wakiwa kati yangu na mlango. Kabla ya maneno waliandaa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, wakanisukumia sahani ya kwanza, nami nikala, maana msemaji asiyekula ametukana nyumba. Mzee wao akanawa mikono, akakohoa, akauliza tumekuja na neno gani. Tumbo likanguruma, likanyamaza. Nikafungua kinywa kuanza salamu.