Marehemu Aliyetokea kwa Printa ya Omosa

Siku printa ya jirani yangu Omosa ilianza kutoa sura ya marehemu bila mtu kuigusa, watu wa Rongo walitimua mbio. Mama mmoja aliacha ndizi zake juu ya mizani.

Mimi sikukimbia. Ni mimi nilikuwa nimeleta hiyo shida, na sikujua.

Naitwa Celestine. Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na kuchapisha, ukuta mmoja na ya Omosa. Laptopu yangu ni mzee, kwa hivyo binamu yangu Willis aliniwekea Linux badala ya Windows.

"Ni ya bure na haishiki virusi," akasema. Mambo ya printa hakuyataja.

Saa mbili asubuhi akaingia Otieno, macho mekundu. Alikuwa anaenda kuzika babake, Mzee Elijah, kwao Homa Bay.

"Dada, nataka programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba, sitini. Mwili unatoka mochari saa nne."

"Kaa hapo. Hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Mdomo wangu huu!

Printa ikagoma. Nikachomoa waya, nikarudisha. Wapi! Nikaifuta kwenye laptopu ili niiongeze upya. Linux ikaipata yenyewe, jina likatokea, nikasema asante Yesu. Nikatuma ukurasa wa kwanza, ule wa picha ya marehemu.

Laptopu ikaandika: kazi imekamilika.

Trei tupu.

Nikatuma tena. Imekamilika. Tupu. Nikampigia Willis, akanisomea amri ya kuwasha upya mitambo ya kuchapisha. Nikaiandika vile vile. Kisha nikatuma nakala ishirini kwa hasira.

Imekamilika! Yawa, imekamilika wapi?

Hapo ndipo nikasikia Omosa akipiga nduru. Nikaingia kwake, Otieno nyuma yangu, nikamkuta amepiga magoti mbele ya printa.

Pasta wetu, ambaye kanisa lake liko nyuma ya saiba zetu, alifika mbio na Biblia. Akaweka mkono juu ya printa. "Toka! Nimesema toka!"

Na kweli karatasi zikazidi kutoka. Mzee Elijah huyu, Mzee Elijah yule, wote na kofia, wote wanacheka.

Otieno akachungulia, akashika kichwa. "Woi! Baba amekataa kuzikwa!" Akatoa simu. "Napigia mochari. Hakuna gari kutoka mpaka wazee wakae kikao."

Mimi macho yalikuwa kwa printa. Aina moja na yangu. Jina lile lile, tofauti ni nambari za mwisho tu.

Linux haikuwa imepata printa yangu. Ilipata ya Omosa, kupitia waifai.

Na hiyo waifai ilikuwa ya kanisa. Paswadi niliiona ofisini kwa Pasta nikaikariri, mimi mwalimu wa kwaya mzima. Mwaka mmoja nakula intaneti ya Bwana.

Ningeweza kunyamaza. Lakini Otieno alikuwa tayari anasema, "Halo, ni mochari?"

"Kata simu!" nikapiga kelele. "Pasta, si pepo. Ni mimi. Natumia waifai ya kanisa, kazi zangu zinatokea huku."

Masikio yaliniwaka kwa aibu.

Pasta akaondoa mkono kwa printa. Akanitazama weee, halafu akamgeukia Omosa.

"Sawa, Celestine. Na printa ya Omosa iliingiaje kwa waifai yangu?"

Omosa, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, akaanza kufunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa ndara.

Tulimaliza programu kwa printa hiyo hiyo, bila malipo, Pasta amesimama mlangoni. Mwili ulitoka saa nne na dakika tano. Otieno alisema babake angelicheka hilo jambo wiki nzima, kisha akalia kidogo, na mimi nikalia naye.

Kwa hivyo wenzangu, mashine ikikwambia kazi imekamilika, uliza imekamilika kwa nani. Na ukiwa mwizi, usidhani uko peke yako.

Paswadi ilibadilishwa jioni hiyo. Mimi sijajaribu kuingia tena, haki ya Mungu.

Ni Omosa aliniambia ile ya zamani imekataa.