Kalibu Chai

Kile kiatu cha barabara kuu alikijenga baba mkubwa wangu. Kama umepita utakuwa umekiona, kiatu cha zege kikubwa kuliko choo cha shule yetu, kamba zake nene kama mkono, kimekaa nje ya kibanda cha fundi viatu. Yule kuku mwenye macho ya taa za pikipiki pia ni wake. Na birika. Watu wanasimamisha magari wapige picha, halafu hawajui kwamba mwenye kazi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kandambili zake moja nyekundu moja bluu.

Kazi yake ya kila siku ni matofali ya matundu na vyungu vya maua. Uani kumejaa kalibu, yale maumbo ya mbao ya kumwagia zege. Unamwaga, unasubiri ikauke, unafungua, tofali hilo. Kutwa nzima pale utasikia lete kalibu, osha kalibu, nani kakalia kalibu yangu. Aliyekuwa anaziosha ni mama mkubwa, mkewe. Na maneno alikuwa anaandika yeye, maana mwandiko wa baba mkubwa hata mwenyewe hausomi. Akimaliza kujenga kitu cha barabarani, mama mkubwa anapanda ngazi na brashi.

Amefariki miezi mitano sasa.

Jumamosi baba mkubwa akaja kwetu asubuhi, kachana nywele kabisa. Akamwambia mama, "Shemeji, niazime huyu mwenye simu. Nataka tukazungukie kazi zetu, anipigie picha."

Zetu, sio zangu. Niliisikia.

Mimi nilifurahi, siwezi kudanganya. Pikapu, dirisha wazi, biskuti pakiti mbili. Nikaongea kilomita kumi bila kumeza mate mpaka akasema, "Hivi wewe unapumulia wapi?"

Halafu akaniambia anachotafuta. Anataka herufi za mama mkubwa. Nyumbani kapekua kila kitu, hakuna hata kikaratasi. "Hakuwa mtu wa barua," akasema. "Angeniandikia nini na tunalala kitanda kimoja?"

Kwenye kiatu tukakuta rangi imebanduka yote. Fundi viatu akatuonyesha palipokuwa na maneno, "Jua hili mzee, miaka tisa." Kwenye kuku, lori lilirudi nyuma likabomoa kifua, neno MAYAI likaenda nacho. Muuza mayai akasema, "Siku hizi tunamwita jogoo, maana ndiyo basi tena, hatagi." Baba mkubwa akacheka kidogo, kwa adabu tu.

Tulivyorudi kwenye gari hakuwasha. "Limebaki birika," akasema. "Lile aliandika KALIBU CHAI."

"Kalibu? Ile ya matofali?"

"Si ndiyo neno alilokuwa analisikia kutwa? Mkono ukaandika unachokijua. Mimi niko chini nimeshika ngazi. Nikacheka. Halafu nikawaita wateja wa mgahawa, njooni muone, mke wangu anawakaribisha kwenye tofali. Wakaja wote na vikombe mkononi." Akafuta usukani kwa kiganja, na haukuwa na kitu. "Akashuka, akaosha brashi, akanikabidhi. Hakuandika tena kitu chochote."

"Ulimwomba msamaha?"

"Nilimwambia nilikuwa natania."

Nikairudisha biskuti kwenye pakiti. Lile birika nalijua. Miaka miwili nyuma basi la shule lilisimama pale, nikalipiga picha. Nilijua aliyelijenga. Aliyeandika sikuwaza kabisa.

Tulifika saa nane. Birika refu kama watu wawili wamebebana mabegani, bluu mpya inang'aa. Na herufi nyeupe zilizonyooka kama za kwenye chupa ya dawa: KARIBU CHAI.

Mama mwenye mgahawa akatoka anafuta mikono, anacheka kwa furaha. "Fundi, umeona nilivyokurekebishia? Kuna mtoto alilipiga picha akalirusha mtandaoni, watu wakacheka hapo. Wakawa wanakuja wananiambia nipe kalibu mbili, moja usitie sukari. Nikaona aibu. Nikaita mchoraji, akakwangua yote."

"Akakwangua?"

"Mpaka kwenye zege. Kaeni niwaletee chai."

Baba mkubwa akasogea. Akaweka vidole juu ya ile R, akawa anapapasa taratibu, anatafuta L chini yake. Akapapasa mara ya pili. Pakavu, laini, hakuna kitu.

Ningeweza kukaa kimya. Hakuna ambaye angejua.

"Baba mkubwa, huyo mtoto ni mimi."

Hakugeuka. "Picha unayo?"

Ninayo, ile niliyorusha. Ile safi ilikufa na simu ya zamani. Nikaitafuta, nikampa. Birika lenyewe lile la zamani, KALIBU CHAI, herufi zimelala upande kidogo kama zinasikiliza kitu. Na juu yake nilikuwa nimebandika vile vichwa vya njano vya kwenye simu. Saba. Kimoja kimekaa juu ya L, kimeziba nusu.

"Hivi vichwa vinafanya nini?"

"Vinacheka."

"Vinatoka?"

"Havitoki."

"Walicheka watu wangapi?"

"Elfu nne na kitu."

Akaisogeza simu karibu na macho. "Wa kwanza ni mimi," akasema. "Hao wengine walinikuta."

Nikalia, ile ya kamasi, mbele ya wateja. Akanishika bega akanirudisha kwenye pikapu, simu bado anayo. Chai ikaletwa mpaka dirishani, ikapoa pale juu ya dashibodi. Alikuwa anaangalia herufi moja moja, K, A, akifika kwenye kichwa anasimama, anainamisha simu upande upande kama mtu anayechungulia nyuma yake.

Kioo kikazima. Akanipa. Nikawasha, nikamrudishia. Kikazima tena, akanipa tena.