Ibanga la Kumi

Mama yangu alikuwa akichora mstari wa mkaa kwenye chupa ya mafuta ya taa kila alipotoka kwenda shamba, ili akirudi ajue kama kuna mtu amemimina. Hatukuwa na wezi nyumbani. Alikuwa na sisi tu, watoto wake watatu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, na wala hakuwa anatania. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani shaka niliyonayo niliiokota barabarani. Niliirithi, kama wengine wanavyorithi shamba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yalikuwa yametoka ya kunyamaziwa. Mjomba wangu alirudi Mpanda kutoka Dar es Salaam na televisheni, jenereta ndogo na mashine ya gemu yenye pedi mbili. Chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na soko, kikawa banda la gemu, na mimi nikawa msimamizi. Nilikuwa na saa ya mezani ya kupimia zamu za wachezaji, na fimbo ya kuwakumbusha kwamba saa haidanganyi.

Wachezaji walikuja mchana, shule zikitoka. Asubuhi jenereta ilinguruma kwa ajili ya betri za watu zilizoletwa kuchajiwa, banda likiwa tupu, na huo ndio ulikuwa wakati wangu wa kucheza.

Barazani alikuwa amepanga fundi cherehani, msichana aliyenizidi mwaka mmoja au miwili. Wazazi wake walikuwa Warundi, wakulima wa kwenye makazi ya wakimbizi, mwendo wa saa mbili kwa lori. Yeye alizaliwa huku huku na Burundi hakuwahi kuiona, lakini kukaa mjini kulihitaji kibali. Kibali chenyewe kilikuwa karatasi moja iliyolainika kwa kukunjwa, aliyoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya droo ya cherehani, pamoja na bobini. Kila baada ya miezi mitatu kiligongwa muhuri upya, na ili kigongwe ilibidi balozi wa nyumba kumi wa mtaa wetu aandike barua kwamba mtu huyu hana matatizo. Bila barua hakuna muhuri, na bila muhuri cherehani inarudi makazini, ambako kila nyumba ya tatu ilikuwa na cherehani na hakuna wa kushonewa. Kwa hiyo aliishi kwa tahadhari. Hakubishana na mtu, na vifungo vya mtaa mzima alivishona bure.

Alianza kuchungulia dirishani nikicheza, sindano mdomoni. Siku ya tatu nikamwambia, "Fundi, ingia, kioo hakiumi." Akaingia.

Tuliyokuwa tukicheza ni gemu la jasusi. Stelingi wake alikuwa mtu mwembamba aliyevaa nguo nyeusi, na kazi yake ilikuwa kunyemelea. Ukikimbia, umesikika. Ukipita kwenye taa, umeonekana. Askari akikuona mara moja tu, king'ora kinalia na unaanza upya. CD ilikuwa ya kunakiliwa na maandishi yake yote ya Kijapani, kwa hiyo hakuna aliyetueleza chochote. Tuligundua wenyewe kwamba levo ya tatu, ile ya jengo kubwa la ghorofa mbili, ilikuwa na visanduku vidogo vilivyofichwa, na kwamba ukimaliza levo kioo kinakuonyesha umepata vingapi kati ya kumi.

Fundi ndiye aliyegundua namna ya kuvitafuta. Ukikikaribia kisanduku, pedi inatetemeka kidogo sana mkononi. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia, lakini mikono yake ilikuwa imezoea cherehani, ilijua sindano inapogonga mshono mnene kabla jicho halijaona. Alikuwa akimtembeza stelingi ukutani hatua kwa hatua, amefumba macho, mimi nikimwangalizia askari. "Simama. Anageuka. Sasa." Mara anasema, "Hapa pana ibanga."

Ibanga kwa Kirundi ni siri. Hatukuwa na jina jingine la kuviita, basi vikawa ibanga, na vikiwa vingi, amabanga. Miezi miwili nililitumia neno lile kuliko jina langu. Akanifundisha na mengine, kusalimia, kuaga, kumwita mtu mjinga kwa upole.

Alichora ramani ya jengo lile kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, hiyo hiyo aliyokatia ruwaza za kola na mikono ya blauzi. Vyumba vilikuwa miraba. Askari aliwaandika "askari", na mishale ikionyesha wanakopita. Taa ziliandikwa "taa", mlango wa nyuma "mlango wa nyuma". Na kila tulipopata kisanduku aliandika kwa biki: ibanga 1, ibanga 2, mpaka tukafika tisa. Hapo tukakwama. Wiki tatu tulilitafuta la kumi na pedi ilikaa kimya mkononi kama kipande cha kuni.

Ningekuwa mtu mwingine ningesema labda halipo. Mimi nilianza kumtazama fundi.

Sababu ya kwanza alinipa mjomba, kwa utani wake. Siku moja alitukuta tunacheza, akatazama fundi anavyonyemelea, akasema, "Huyu ndiye angefaa kushika funguo za banda. Wewe binti fimbo tu ndiyo unaiweza." Wote wawili walicheka, na mimi nikacheka, lakini sikulala vizuri. Bila banda nilikuwa narudi kwa mama, kulima na kuchorewa mistari ya mkaa.

Sababu ya pili niliiona mwenyewe. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameikunja pembe moja ya ramani kwa ndani na kuishika kwa pini mbili. Nilipouliza ni nini, alisema, "Acha, dada, si kitu, utaiona." Basi. Nikajua amelipata. Amelipata la kumi peke yake, amelificha kwenye ile pembe, na siku moja atalitoa mbele ya mjomba, na funguo zitahama. Niliyapanga yote vizuri kabisa kichwani, hayakukosa hata msumari. Toka siku hiyo nilihesabu bobini zake, nikahesabu mara anazoongea na mjomba, na nikacheza naye nikiwa nimeuma meno. Yeye aliendelea kufumba macho na kuniamini nimwangalizie askari.

Balozi wetu alikuwa mzee aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori huko Sitalike, na hata baada ya kustaafu macho yake yalikuwa yakitafuta nyayo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuuliza. Wakati ule mjini kulikuwa na maneno kwamba bangi inapitishwa ndani ya magunia ya mpunga, na mabalozi walikuwa wameambiwa wafungue macho. Wa kwetu hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Asubuhi hiyo alikuja kuchukua suruali aliyoleta kubadilishiwa zipu. Fundi alikuwa ndani na mimi, anatafuta bobini ya cherehani chini ya benchi, kwa kuwa aliidondosha jana yake. Balozi akajihudumia. Aliinua rundo la nguo kwenye meza na chini yake akakuta karatasi ya saruji. Tulipotoka alikuwa ameitandaza, kidole kikitembea juu yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Askari," alisoma. "Askari. Taa. Mlango wa nyuma." Kidole kikasimama. "Bangi namba moja. Bangi namba mbili." Akaendelea mpaka tisa, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mwenzake. Halafu akamtazama fundi. "Hii ghala ya nani?"

Fundi akiogopa Kiswahili kilikuwa kinamkimbia. "Ni ya gemu, mzee. Hapo ndani. Si bangi. Ni ibanga."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nyie mnaweka i mbele ya kila kitu. Barabara mnasema ibarabara. Hata bangi mmeipa i yake."

"Hapana, mzee. Ibanga ni ... ni kitu ... hakionekani. Kimefichwa."

"Kimefichwa," balozi akarudia. "Na askari wamewekwa hapa na hapa."

Mpaka leo nikikumbuka hilo nataka kucheka, na kicheko hakitoki. Kila alichosema kuieleza siri kilizidi kuifanya bangi. Jenereta ilikuwa imezimwa, mjomba amekwenda kutafuta dizeli, kwa hiyo hata kioo hakikuweza kuwashwa kuonyesha. Watu wawili wa duka la jirani walikuwa wamesogea.

Balozi akanigeukia mimi. "Binti yangu, wewe unakaa naye kila siku. Ibanga ni nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Siri, mzee. Maana yake siri tu. Lakini niliitazama ile pembe iliyobanwa kwa pini, nikawaza: ana siri kweli. Na nikawaza funguo. Nikasema, "Mimi Kirundi sijui."

Fundi alinitazama.

Balozi akachomoa pini na kuikunjua pembe. Hakukuwa na ibanga lolote. Kulikuwa na ruwaza ya mkono wa puto wa blauzi, yenye vipimo pembeni, na juu yake fundi ameandika kwa chaki "ya dada wa gemu". Vipimo vilikuwa vyangu. Alikuwa amenipima kwa macho.

Ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa na nafasi nzima, maana balozi alisimama muda mrefu akiugeuza huo mkono wa blauzi kana kwamba nao una askari. Lakini nilikuwa nimeshasema sijui, na mtu aliyesema sijui mbele ya watu anaona aibu kujua dakika moja baadaye. Huo ndio ukweli. Kwanza nilinyamaza kwa wivu, halafu nikanyamaza kwa aibu, na kutoka nje vilikuwa vinafanana.

Balozi na wale wawili wa dukani walipekua cherehani, droo, godoro lake. Hawakupata bangi, kwa hiyo hakufungwa. Balozi alisema hana la kumshtaki, ila barua ya kusema mtu huyu hana matatizo hataiandika, kwa sababu jambo asilolielewa hawezi kuliwekea jina lake. Kibali kilikuwa kinaisha wiki hiyo. Mjomba alikwenda kumwombea, akarudi akisema mzee amekaza. Mimi mjomba hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia.

Siku mbili fundi alimalizia nguo za watu ili asiondoke na vitambaa vyao. Siku ya pili asubuhi, kwa kukosa pa kuweka mikono, niliwasha gemu. Nilikuwa siangalii hata ninakokwenda. Stelingi alikuwa bado getini, pale levo inapoanzia, nikavuta pedi vibaya akarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na pedi ikatetemeka. Kisanduku kilikuwa nyuma yake, ukutani, hatua mbili kutoka anaposimama mwanzo kabisa.

"Nimelipata," nilisema kupitia dirishani, kabla sijafikiri kama nina haki ya kumwambia.

Cherehani ikasimama. "Liko wapi?"

"Getini. Nyuma yake, pale pale anapoanzia."

"Eh," akasema. "Kumbe hatukugeuka." Akacheka kidogo, kweli akacheka, halafu cherehani ikaendelea. Hapo ndipo nilipojua bila shaka yoyote kwamba hakuwahi kulijua. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Juzi najua uliogopa. Hata mimi ningeogopa."

Nilimwacha aamini hivyo. Ilikuwa rahisi kusamehewa woga kuliko kusamehewa kile nilichokuwa nacho.

Lori la mahindi lililokuwa linapita makazini lilimchukua mchana. Mjomba na mimi tulimsaidia kupandisha cherehani, kichwa peke yake na miguu peke yake. Balozi alikuja pia, akasimama pembeni na baiskeli yake kuhakikisha ameondoka. Fundi alipokwisha kukaa juu ya magunia alifunga kitenge kichwani, akaniangalia, akaniaga kama alivyokuwa akiniaga kila jioni.

"Nagasaga."

"Nagasaga, mwenzangu," nikamjibu, kisha nikaongeza kwa Kirundi awasalimie wazazi wake, kama alivyonifundisha, na nililisema vizuri, bila kukwama. Lori likaondoka.

Nilipogeuka balozi alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akifuata nyayo mbugani na kugundua alizifuata kinyume.

"Kumbe Kirundi unakijua."

"Kidogo, mzee."

"Ibanga ni nini?"

"Siri," nikasema. "Maana yake siri tu."

Vumbi la lori lilikuwa bado halijatua. Alipanda baiskeli, akashuka tena.

"Mimi siku ile nilikuwa nauliza, binti yangu," alisema. "Ungenijibu, ningeandika."