Vumbi la Faiba

Katika kiwanda kile cha mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, kila mgeni alipokewa na kelele za Mama Msasa: "Usikae hapo mezani!" Vumbi la faiba, nyuzi za kioo zinazoundia mapanga, halionekani kwa macho, lakini likikuingia mwilini utajikuna mpaka ukome. Yeye alikuwa akiyapiga msasa mapanga yale tangu usichana wake, na kila jioni alioga maji baridi, maana ya moto hufungua ngozi na kulikaribisha vumbi ndani.

Siku hiyo alikuja meneja mpya kutoka makao makuu, rika la kitinda mimba wake. Eti kampuni inajipanga upya, kwa hiyo watu wote wa msasa wafungashe virago. Aliyasema hayo akiwa amejibwaga juu ya meza ya kazi, mikono ya shati ameikunja, anatabasamu kama bwana harusi. Mama Msasa alitulia tuli kama maji mtungini.

Hotuba haijafika mwisho, meneja akawa anajikuna shingo, mara kiuno, mara kwapa.

"Mama, hivi kitu hiki mnakitoaje?"

"Pole, mwanangu," alisema huku akivua aproni yake. "Nenda kaoge maji ya moto. Ya moto kabisa."