Macho ya Mama na Sahani ya Kalembula

Mama yangu ana macho ya kuudhi. Akipita karibu na beseni langu la chisense, vile visamaki vidogo tunavyoanika mchangani kando ya ziwa hapa Nchelenge, atainama tu na kumchomoa sisimizi ambaye mimi nimemtafuta asubuhi nzima. Ananionyesha tu na kwenda zake.

Mwaka mmoja tukapata mpangaji, dada wa Kiyahudi aliyekuja kupima visima katika makazi ya wakimbizi. Kiswahili chake alikiokota huko huko, kwa Wakongo wenzetu. Alichukua chumba cha uani kwa mwezi mmoja. Siku ya kwanza mama alimpikia chakula cha heshima: kalembula, yaani majani ya viazi vitamu, yaliyoungwa kwa karanga, na juu yake fishimu wa kukaanga, wale viwavi wanono ambao kwetu mgeni wa maana hakosi kuwekewa. Dada akaitazama sahani, shingo ikamwiva kwa haya, akaeleza kwamba dini yake haimruhusu kula mdudu.

"Hapana, mwanangu, hii haiko mududu," mama akamjibu kwa upole. "Hii njo nyama."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mama hakucheka. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana, na chakula chake cha kwanza upande huu alipewa na mwanamke wa kijiji cha Kabuta ambaye hakumjua hata kwa jina. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mgeni hatatoka nyumbani kwake bila kula alichopika yeye. Na sasa huyu hapa, wiki ya tatu, anaishi kwa mayai ya kuchemsha na samaki wa magamba, wale dini yake inaowaruhusu, aliowachoma mwenyewe. Aibu ilimkosesha mama raha kabisa.

Fishimu tungewaacha, hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa wale wadogo wanaojificha kwenye mboga. Dada aliloweka majani kwenye maji ya chumvi, akayasugua, kisha akainua jani moja moja kwenye mwanga wa jua na kuligeuza huku na huku. Unga aliuchekecha. Mchele aliumwaga kwenye sahani nyeupe. Mama alimsimamia na maswali. Hata panzi? Dada akasema sheria yao inaruhusu panzi wa aina fulani, ila kwao hakuna tena anayejua ni yupi, basi wanawaacha wote.

"Masikini!" mama akasema, na alimaanisha. "Mulipoteza panzi!"

Na wale wadogo mno? Hao hawana neno, dada akasema. Kisichoonekana kwa macho matupu hakihesabiwi.

Siku moja kabla ya kuondoka, dada akamwambia mama kwamba anataka kula chakula chake. Kwa sheria yao, sufuria iwe ile mpya aliyokuja nayo dada, moto auwashe dada, majani wayakague wote wawili, na mama ndiye apike. Mama akavaa kitenge cha kanisani. Tangu asubuhi walikaa mkekani wakipeana majani, na mimi, nisiye na subira, nikaona bora nitwange karanga. Mchana sahani ikatengwa. Dada akamega bukari, ugali wetu, akatowea, akainua mkono.

Nikaona macho ya mama yamesimama. Nayajua macho hayo. Nikamkanyaga kidole cha mguu, kwa nguvu, maana mgeni mwenyewe hakuona kitu, na mwezi mzima tulikuwa tunalingoja tonge hilo.

"Ngoja, mwanangu," mama akasema. "Iko mududu."

Dada akavaa miwani, akainamia sahani kwa muda mrefu. Kweli, kwenye mkunjo wa jani palikuwa na chawa wa mboga, mdogo kuliko punje ya ulezi.

"Mama, mimi sikumwona."

"Mi nilimuona. Siwezi kukulisha kitu nimeona."

Nilimkasirikia mama, nasema ukweli. Lakini dada alicheka huku akifuta machozi, akamkumbatia, akawamwagia kuku sahani pamoja na sufuria yote. Wakaanza upya. Nilikimbia shambani kuchuma majani mengine nikinung'unika njia nzima, na niliporudi nikaketi nao mkekani kuyakagua.

Jua lilikuwa linashukia ziwani sahani ya pili ilipotengwa. Mama akakaa kando na bakuli lake la fishimu, akitafuna polepole, wasiwasi umemjaa. Dada akatuambia kwamba hata kwao, mama yake mzazi akimtengea mboga, huwa anaigeuzageuza kwanza kabla ya kula.

Kisha akavua miwani, akaiweka mkekani, akamega bukari na kula, bila kuitazama sahani.