Mkeka Katikati ya Injini

Harufu ya petroli niliijua kabla sijajua Kiswahili. Pale Mwaya, enzi za Wajerumani, ilichanganyika na harufu ya tope la ziwa na ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na mpaka leo nikipita karibu na kituo cha mafuta moyo wangu unarudi nyumbani mbio. Baba yangu alikuwa fundi wa motaboti ya mfanyabiashara mmoja Mjerumani, tuliyemwita Bwana tu, aliyesomba mchele wa kwetu kuupeleka bandari nyingine za ziwa. Msimu ninaoukumbuka ni ule ambao injini ya boti ilishushwa ikasafishwe. Ilifungwa juu ya magogo mawili ndani ya banda la nyasi, fupi na nene, yenye pistoni moja na gurudumu zito la chuma ubavuni. Baba aliipenda injini ile kiasi kwamba mama alimtania kuwa ameoa mke wa pili asiyejua kupika.

Mama alizaliwa Ikombe, kwa wafinyanzi, na mikono iliyokanda udongo tangu utotoni ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi. Kwa hiyo alipokosa msaidizi, baba alimwita yeye. Lakini jambo moja lilimpa mama shida katika banda lile: babu, mzazi wa baba, alikuwa na mazoea ya kuja kutuona. Kwetu Wanyakyusa wa siku zile, mwanamke hakuonana na baba mkwe wake. Akisikia anakuja alijifunika nguo na kupisha njia, hata kama ana mzigo kichwani, na jina lake hakulitamka kamwe. Mama, aliyekuja kwa ndoa tu, aliishika mila hiyo kuliko wenyeji wenyewe. Babu naye, kwa uungwana wake, alikuwa akikohoa tangu mbali ili mkwe wake apate nafasi ya kuondoka. Walikuwa wameishi jirani tangu kabla sijazaliwa, wakipendana sana, bila kutazamana.

Siku ya kurudishia kile kifaa cha sumaku kinachotoa cheche, baba aliligeuza gurudumu mpaka alama yake ikafika juu, akamwambia mama alishike lisisogee hata kidogo. Yeye akalala kifudifudi chini ya injini kukaza nuti. Kazi ilikuwa hiyo tu: cheche itoke wakati pistoni imefika juu kabisa, isiwahi, isichelewe. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya debe. Mara babu akatokea mlangoni na mbasa mkubwa mkononi, samaki ambaye furaha yake ilimsahaulisha kukohoa. Mama aliachia gurudumu, akajitupia nguo kichwani, akapenya nyuma ya banda na kuingia migombani. Mimi nikamkimbilia samaki. Baba, akiwa na uso chini na nuti mkononi, alisema, "Shika hivyohivyo, mama Atupele, namaliza," akakaza kwa nguvu zake zote. Alipoinuka akamwona babu, akadhani mama ameondoka sasa hivi.

Alipozungusha hendeli kuiwasha, injini ilipiga kishindo, hendeli ikarudi nyuma kwa kasi na kumvunja kifundo cha mkono. Bado nausikia ukelele wake. Babu alimfunga kwa vijiti na maganda ya mgomba, akinung'unika kuwa chuma hakina shukrani. Majirani waliokuwa wakija kushangaa injini hawakusogea tena, wakasema ina shetani. Hilo lingetuchekesha kama Bwana hangekuwa ameacha neno kabla ya kwenda bara: akirudi akute boti haiendi, atamleta fundi mwingine, na baba atapelekwa Pwani akafundishwe upya. Pwani ilikuwa safari ya miguu ya majuma mengi. Tuliwajua watu waliokwenda, na wake zao waliokuwa bado wanangoja. Nilianza kumfuata baba kila mahali, hata akienda kunawa, kwa hofu kwamba nikigeuka tu nitamkosa.

Alijaribu kila alichojua. Alifuta plagi, akachuja petroli kwa kitambaa, akakagua waya kwa mkono wake mmoja mzima. Babu, asiyemwogopa shetani wala Bwana, alikubali kuzungusha hendeli, nayo ikamrushia teke mara mbili, ikakosa mfupa kwa bahati. "Cheche inawahi," baba alisema. "Pistoni bado inapanda, moto unaisukuma irudi." Ila hakuelewa imewahije, maana nuti aliikaza gurudumu likiwa kwenye alama. Jioni moja tulipokuwa tunachambua mchele, alianza kuipitia kazi yote upya kwa sauti, hatua kwa hatua, akamuuliza mama, "Ukalishika mpaka nikamaliza?"

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. "Mpaka alipokuja," akasema.

Baba alimtazama, akaelewa kuwa babu alipotokea gurudumu liliachiwa, likarudi nyuma kabla nuti haijakazwa, kisha akacheka huku ameukumbatia mkono wake mgonjwa. Mama hakucheka. Alifunika uso akalia, akisema ameuvunja mkono wa mumewe. "Nyamaza, mama Atupele," baba alimwambia. "Ungefanyaje? Ni baba yangu."

Kurekebisha kulihitaji mikono zaidi ya aliyokuwa nayo. Mmoja ashike gurudumu, mwingine akaze nuti, na wenye uwezo na ujasiri huo walikuwa wawili tu, mama na babu. Baba akatundika mkeka kutoka kwenye boriti, ukashuka katikati ya injini. Asubuhi ile babu alikohoa tangu kwake hadi bandani, mpaka mbwa wakambwekea. Mama alishika gurudumu upande mmoja, babu akashika spana upande wa pili, na baba akachungulia cheche kutoka pembeni. Mimi nilipita chini ya mkeka nikibeba maneno.

"Muulize mama yako kama amechoka."

"Mwambie sijachoka. Asiharakishe."

Walisikia kila neno, walikuwa karibu kiasi cha kusikiana wakipumua, lakini walinisubiri nipite. Nuti ikakazwa. Babu akaenda kwenye hendeli, akaizungusha, na injini ikanguruma sawasawa bila kurusha teke. Baba alipoizima, babu alikuwa analia waziwazi. "Atupele," akasema, "mwambie ndaga fijo, namshukuru sana. Mwambie amenibakizia mwanangu." Nilipopita chini ya mkeka nilimkuta mama ameshapiga magoti, ameinamisha kichwa kuelekea upande ule, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa mimi.

Bwana alirudi, boti ikaondoka na mchele, na baba akarudi nyumbani jioni. Akarudi jioni nyingi nyingine, mpaka uzee ukamchukua akiwa kitandani kwake. Siku hizi mkwe wangu, mke wa mwanangu, anakula meza moja na mume wangu, wanabishana na kucheka, nami napenda hivyo. Sitamani mkeka wowote urudi. Pwani nayo si mbali tena. Wanangu wanaishi huko kwa hiari yao, wanakuja kwa basi na kuondoka kwa basi. Nawafungia ndizi za njiani, mkwe wangu anakibeba kikapu hadi kituoni, nawapungia mkono nikitabasamu. Basi likishapinda, ndipo nalia kwa ajili ya Pwani ileile.